WordReference na maneno ya biashara za nyumbani: kamusi inayojua kwamba neno lina nchi yake

Nasema mapema, ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: kwa anayetafsiri karatasi za biashara ndogo za nyumbani kutoka Kihispania kwenda Kiingereza, WordReference ndiyo kamusi ya kuanza nayo. Haitoshi peke yake, na nitaeleza inapoishia. Lakini kati ya vyombo vyote vya bure nilivyovitumia katika kazi hii, ndiyo inayomheshimu mtafsiri. Hainipi jibu moja na kuniambia nenda. Inaniwekea majibu mezani, inaniambia lipi ni la Meksiko na lipi la Uhispania, kisha inaniachia mwenyewe kuchagua.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kihispania nilikipata Havana, nilikokwenda kusoma miaka ya 90, wakati Kuba imebanwa na dhiki iliyofuata kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti, na watu wameanza kuuza chakula sebuleni kwao ili siku zisogee. Leo natafsiri mafaili ya waombaji wa mikopo midogo kwa taasisi moja ya Ulaya. Mwombaji yuko Cochabamba, anashona sketi katika chumba cha mbele. Au yuko kijiji cha Cusco, anafuga simbilisi, ambao kule ni kitoweo cha heshima. Au yuko pembezoni mwa Tegucigalpa, ana duka linalouza kupitia dirisha la nyumba. Afisa mikopo anaandika Kihispania cha kwao, na mtoa fedha anasoma Kiingereza. Katikati niko mimi. Neno likiteleza, mtoto wa watu mwenye cherehani mbili anaonekana ana kiwanda, au mwenye leseni halali anaonekana anafanya biashara ya kujificha, na mkopo unakwenda kwa mwingine. Kwa sababu hiyo kamusi kwangu si jambo la kupitia juu juu.

Kwa ambaye hajaitumia: WordReference ilianzishwa mwaka 1999 na Mmarekani Michael Kellogg, na mpaka leo unaitumia bila kulipa. Ukiandika neno, ukurasa unagawanyika. Kushoto kuna neno la Kihispania na kidokezo kifupi cha maana, kulia kuna Kiingereza, chini yake sentensi ya mfano kwa lugha zote mbili. Maana kuu zinatangulia, za nyongeza zinafuata, kisha misemo iliyoundwa na neno hilo. Maana nyingi zina alama ya nchi au eneo: MX kwa Meksiko, ES kwa Uhispania, AR kwa Argentina, AmL kwa Amerika ya Kilatini. Kuna pia sehemu ya kamusi ya Collins, ambayo mara nyingi inatoa maana ambayo ukurasa wa kwanza haukuigusa, na kuna sehemu ya minyambuliko ya vitenzi. Mwisho kabisa wa ukurasa kuna orodha ya mijadala ambamo neno hilo limewahi kuulizwa.

Alama hizo za nchi zinaonekana kitu kidogo mpaka ukutane na duka.

Nina maana ya duka dogo la mtaani, lile ambalo sisi tunaliita duka la Mangi. Kihispania hakina jina moja la duka hilo. Peru ni "bodega". Honduras, Nikaragua na Kosta Rika ni "pulpería". Argentina na Uruguay ni "almacén". Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico ni "colmado". Meksiko ni "tienda de abarrotes", na likiwa dogo kabisa wanaliita "changarro", neno ambalo rais Vicente Fox alilitangaza sana alipoingia madarakani mwaka 2000 na kuahidi mikopo kwa wafanyabiashara wadogo. Sasa ichukue "bodega" ileile ya Lima uipeleke Uhispania: imekuwa ghala la mvinyo. Ipeleke Meksiko: imekuwa bohari. "Almacén" ya Madrid nayo ni bohari, wakati ya Buenos Aires ina mchele, mafuta na mkate wa asubuhi. Na "pulpería", kwa aliyejifunza Kihispania cha Ulaya, ni mahali panapopikwa pweza, kwa sababu "pulpo" ni pweza, na Uhispania migahawa ya namna hiyo ipo kweli.

Nimepokea faili lililokwisha kupitishwa kwenye mtambo wa kutafsiri, ambao sitautaja jina, likimpa mama wa Honduras mgahawa wa pweza. Mama yule alikuwa anauza sukari, maharage, sabuni na mishumaa. Kiasi cha mkopo alichoomba, orodha ya bidhaa, jina la kijiji kilicho mbali na bahari, vyote vilikuwemo kwenye ukurasa uleule, lakini mtambo hausomi ukurasa kama mtu anavyosoma. Ulikuta neno ukaweka neno. WordReference isingeweza kunitafsiria faili zima, na haidai kufanya hivyo. Ingeniwekea maana hizo pamoja na maeneo yake, na mimi ninayejua kwamba faili limetoka Honduras ningechagua ndani ya muda mfupi.

Hata baada ya kujua ni duka, kazi haijaisha, maana Kiingereza nacho kina nchi zake. Mwingereza atasema "corner shop" na kuona picha sahihi kabisa. Mmarekani ukimwambia "convenience store" ataona duka lenye majokofu na taa kali, pengine liko kituo cha mafuta. Kwa wasomaji mchanganyiko naandika kwa maneno ya wazi, kwamba ni duka dogo la vyakula ambalo mwenyewe analiendesha nyumbani kwake. Ni refu kuliko neno moja, lakini halimdanganyi mtu.

Mijadala ndiyo hazina yenyewe. Sheria za jukwaa lao ni kali, na mimi ninazipenda: mada moja kwa mjadala mmoja, na anayeuliza lazima alete sentensi nzima na aeleze muktadha wake. Anayetupa neno peke yake anaambiwa arudi na maelezo. Matokeo yake ni kwamba ukisoma mjadala wa miaka kumi iliyopita unaukuta bado una faida, kwa sababu swali lilikuwa kamili. Unamwona mtu wa Lima anasema kwetu linasemwa hivi, wa Monterrey anasema kwetu sivyo, kisha Mwingereza anaingia na kuonya kwamba neno walilokubaliana lina sura nyingine London. Mara nyingi hawafikii jibu moja, na kutofautiana kwao ndiyo taarifa ninayoitafuta. Kama Mperu na Mmeksiko hawakubaliani juu ya neno, basi najua kabla ya kuandika chochote lazima nitazame faili limetoka wapi.

Kwenye karatasi za serikali ugumu unazidi, na hapa ndipo wanaoanza kazi hii wanapojikwaa. Neno "patente" mtu yeyote atalisoma kama hataza, haki ya mvumbuzi. Lakini "patente municipal" ya Chile au Ekuador ni malipo kwa halmashauri ili uruhusiwe kufanya biashara. Sisi tungesema leseni ya biashara. Ukiiandika kama hataza, msomaji wa Kiingereza anabaki kujiuliza muuza mikate huyu amevumbua nini. "Razón social" haina uhusiano na sababu wala na jamii, ni jina la kampuni kama lilivyosajiliwa. "Giro" kwenye fomu ya Chile au Meksiko ni aina ya biashara unayofanya, ila kwenye karatasi ya benki inaweza kuwa fedha zilizotumwa. "Dar de alta" hospitalini ni kumruhusu mgonjwa kutoka, na katika ofisi ya kodi ni kumwingiza mtu kwenye daftari la walipakodi. Maana zote mbili utazikuta kwenye ukurasa mmoja wa WordReference, moja chini ya nyingine, kila moja na kidokezo chake, na kidokezo hicho ndicho kinachookoa.

Kuhusu "boleta" na "factura" sitakaa sana. Peru na Chile ya kwanza anapewa mnunuzi wa mwisho, ya pili anapewa mfanyabiashara mwenzako anayetaka kurejesha kodi ya ongezeko la thamani. Anayejua tofauti ya risiti ya dukani na ankara ya kodi hahitaji maelezo zaidi.

Sasa niseme kamusi inapoishia, na mfano mzuri kuliko yote uko Chile. Mwaka 2000 nchi hiyo ilipitisha sheria namba 19.749 iliyoanzisha kitu kinachoitwa "Microempresa Familiar". Ni sheria iliyoandikwa mahsusi kwa biashara ya nyumbani. Inataka shughuli ifanyike katika "casa habitación familiar". Inataka wafanyakazi "extraños a la familia" wasizidi watano. Na inataka mali za uzalishaji, ukiacha thamani ya nyumba yenyewe, zisizidi UF 1,000. Hiyo UF ni kipimo cha thamani kilichoanza mwaka 1967, kinachopanda kufuata mfumuko wa bei, na Wachile wanakitumia kutajia bei za nyumba na mikopo.

Kijana mmoja wa Arusha, mwongoza watalii wa Kihispania anayetafsiri msimu wa masika watalii wakipungua, aliniandikia WhatsApp kuhusu faili lenye maneno hayo. "Shikamoo dada. Hii casa habitación ni nyumba au ni chumba? Na hawa wafanyakazi extraños, wana nini?" Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Usitafute neno mojamoja. Tafuta yote mawili pamoja, ukikosa juu shuka kwenye mijadala." Baadaye akaandika tena: "Kumbe ni nyumba ya kuishi tu, dada. Na extraños ni wasio wa familia." Ndivyo ilivyo. Neno lenyewe likisimama peke yake lina maana ya kitu kisicho cha kawaida, na ukilitafsiri hivyo hivyo unawageuza vibarua wa watu kuwa viumbe wa ajabu.

Mpaka hapo kamusi na mijadala yake vimefanya kazi. Lakini jina la mfumo wenyewe, je? Kiingereza kinakubali "family micro-enterprise" bila tabu, na kamusi yoyote itakupa hivyo. Tatizo ni kwamba kwa msomaji wa Kiingereza biashara ya familia inaweza kuwa karakana kubwa ya baba na wanawe, iliyopanga jengo mjini. Kilicho muhimu katika sheria ya Chile ni nyumba: kwamba unaruhusiwa kufanya biashara palepale unapolala. Jina la Kihispania halisemi hivyo, sheria ndiyo inasema. Kwa hiyo mimi naacha jina la Kihispania lilivyo mara ya kwanza, kisha naeleza kwa Kiingereza kwamba ni biashara ndogo ya familia iliyosajiliwa kufanyika katika nyumba ya kuishi. Kujua hilo kulinilazimu kusoma sheria yenyewe, ambayo maktaba ya Bunge la Chile inaiweka wazi kwenye intaneti kwa yeyote. Hakuna kamusi itakayokufanyia kazi hiyo, na sioni sababu ya kuilaumu kamusi kwa hilo.

Vivyo hivyo kwa hadhi za kikodi za mtu anayejiajiri. Ukitafuta "autónomo" utapata "self-employed", na ni sahihi. Shida inaanza pale unapoona kwamba neno hilohilo la Kiingereza linataka kufunika watu wengine chungu nzima. "Autónomo" wa Uhispania anachangia hifadhi ya jamii kila mwezi, na tangu 2023 mchango wake unafuata kipato chake halisi. "Monotributista" wa Argentina yuko kwenye mfumo wa tangu 1998 ambamo kodi, pensheni na bima ya afya vinalipwa kwa pamoja katika kiwango kimoja cha mwezi. Mmeksiko aliye kwenye RESICO, mfumo ulioanza 2022, anatakiwa asizidishe mapato ya peso milioni 3.5 kwa mwaka, na analipa kati ya asilimia 1 na 2.5. Wote hawa wakiandikwa kwa neno moja, mkopeshaji hawezi kujua nani ana bima, nani ana kodi nyepesi, nani ana mzigo wa kila mwezi hata asipouza kitu. Na hiyo ndiyo taarifa ambayo mkopeshaji anaihitaji. Naomba watafsiri wenzangu wasiwafute watu hawa. Acheni neno la kwao, wekeni maelezo mafupi kando yake.

Na "cuentapropista" wa Kuba ana hadithi yake. Mwaka 1993 serikali iliruhusu watu kufanya shughuli kwa niaba yao wenyewe, na migahawa ya nyumbani ikazaliwa kwa jina la "paladar". Neno hilo ni la Kihispania cha kawaida, maana yake kaakaa la kinywa, lakini kama jina la mgahawa lilitokana na tamthilia ya Brazil iliyotazamwa na kisiwa kizima. Mwanzoni viti havikuruhusiwa kuzidi 12. Baada ya mabadiliko ya 2010 na 2011 vilipanda hadi 20, kisha 50. Nimekula sana katika sebule hizo nikiwa mwanafunzi: wali, maharage meusi, ndizi za kukaanga, bibi mwenye nyumba akipita kuuliza kama umeshiba. Mwaka 2021 ndipo kampuni binafsi ndogo na za kati, zenye wafanyakazi wasiozidi 100, ziliporuhusiwa rasmi. Kwa hiyo faili la Kuba la mwaka 1996 na la mwaka 2023 hayawezi kutafsiriwa kwa msamiati mmoja, hata kama neno "negocio", yaani biashara, limo katika yote mawili. Kamusi inakupa nchi ya neno. Mwaka wake lazima uutafute mwenyewe.

Kuna jambo ambalo naliona sisi tunaozungumza Kiswahili tunalo na wenzetu wa Ulaya hawana. Mengi ya maneno haya yana ndugu zake kwetu. Mwanamke wa Meksiko akisema yuko kwenye "tanda", wa Guatemala akasema "cuchubal", wa Bolivia "pasanaku", wa Peru "junta", wa Jamhuri ya Dominika "san", sihitaji kuelezwa. Ni mchezo. Ni upatu. Kila mwezi mnachanga, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Nairobi watasema chama. Kiingereza cha Uingereza na Marekani hakina neno la nyumbani kwa jambo hili, kina neno refu la wachumi ambalo mama wa mjini Puebla hajawahi kulisikia. "Fiado" ni kukopesha wateja na kuandika kwenye daftari. "En consignación" ni mali kauli, unachukua mzigo, unauza, ndipo unalipa. Kulipwa "a destajo" ni kulipwa kwa idadi ya nguo ulizoshona, kama mafundi wengi wa mitaani wanavyolipwa na tajiri mwenye oda. "Mayoreo" na "menudeo" ni jumla na rejareja.

Na "banco comunal", ambalo linamtaabisha Mwingereza anayetafuta jengo na kaunta, ni jamaa wa karibu wa VICOBA yetu: kikundi cha watu wanaojuana, wanaokutana kwa ratiba, wanaoweka na kukopeshana, na kudhaminiana. Njia hiyo ilianzia Bolivia mwaka 1984 kwa Mmarekani John Hatch, mwanzilishi wa FINCA, ambayo wasomaji wa Dar es Salaam na Kampala wanaijua kwa matawi yake. "Garantía solidaria" inayotajwa kwenye mafaili hayo ni dhamana ya kikundi: mmoja akishindwa, wenzake wanalipa. Ukiiandika kwa Kiingereza kama dhamana ya mshikamano, inasikika kama jambo la hisia na maandamano, wakati ni wajibu wa fedha. Ushauri wangu kwa Mswahili anayefanya kazi hii ni kuuliza kwanza, kwetu jambo hili linaitwaje? Ukishalijua jambo, Kiingereza utakipata. WordReference haina kamusi ya Kiswahili, kwa hiyo hatua hii utaifanya kichwani, lakini usiiruke.

Niongeze moja linalohusu biashara za nyumbani moja kwa moja. "A domicilio" ina pande mbili. "Entrega a domicilio" ni kumpelekea mteja mzigo kwake. "Trabajo a domicilio" ni kazi unayoifanya nyumbani kwako kwa malipo ya mwenye oda, na ndilo jina la Kihispania la Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996. Kwa Kiingereza mkataba huo unaitwa "Home Work Convention", maneno mawili yaliyoachana, kwa sababu yakiungana yanakuwa kazi za shule za mtoto. Sasa faili likisema "costurera a domicilio", je, fundi anakwenda kwa wateja na tepu yake ya kupimia, au anashonea nyumbani mzigo aliokabidhiwa na tajiri? Mmoja anahitaji mkopo wa baiskeli, mwingine mkopo wa cherehani. Hapa nimejifunza kutotegemea chombo chochote. Namwandikia afisa mikopo namuuliza.

Vyombo vya kando ninavyoviweka wazi pamoja na WordReference ni viwili. Kwa maneno ya mitaani ya Amerika ya Kilatini, kamusi ya Kihispania cha huko, "Diccionario de americanismos", iliyotolewa mwaka 2010 na muungano wa akademia za lugha ya Kihispania ni ya kina kuliko zote ninazozijua, na inasomwa bure mtandaoni, ila maelezo yake ni ya Kihispania tu. Kwa karatasi za Uhispania zinazofuata sheria za Ulaya kuna IATE, hazina ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, iliyo wazi kwa umma tangu 2007. IATE ni imara kwenye sheria na dhaifu kwenye duka la Mangi.

Anayetaka mazoezi bila gharama aingie Kiva, jukwaa la mikopo midogo la San Francisco, na asome habari za wakopaji wa Amerika ya Kilatini. Kwa miaka mingi limetegemea watafsiri wa kujitolea, na kwenye habari nyingi utaweza kufungua maandishi ya asili ya Kihispania na kuyalinganisha na Kiingereza. Sisi tuna haki ya kupapenda pale: jina lenyewe wanaeleza limetoka Kiswahili, kwa maana ya umoja, na wakopaji wao wa kwanza, mwaka 2005, walikuwa wafanyabiashara saba wa Tororo, Uganda. Soma Kihispania kwanza, andika Kiingereza chako, kisha fungua chao. Lile neno mlilotofautiana ndilo la kupeleka WordReference.

Mapungufu ya kamusi yenyewe ni haya. Matangazo ni mengi kwenye toleo la bure, na kwenye simu yenye kioo kidogo yanachukua nafasi. Kuna njia ya kulipia yaondoke, na kwa anayefanya kazi hii kila siku naona inastahili. Inahitaji intaneti, basi mtandao ukikatika umekatika nao. Mijadala mingine inaishia njiani, mtu ameuliza na hakuna aliyejibu. Misamiati ya kodi inabadilika kila serikali inapobadilika, na kamusi haiwezi kukimbia kasi hiyo. Kwa hayo naipa nyota nne kati ya tano, nikisema wazi kwamba hakuna kamusi nyingine ya bure ya lugha hizi mbili ninayoipa nne.

Ukiianza leo, anza na daftari pembeni, karatasi au la kwenye simu, lenye safu nne: neno, nchi, mwaka wa faili, na Kiingereza ulichochagua. Langu lina "bodega" mara nyingi kuliko neno lolote lingine, kila mara na nchi nyingine, na mtandao ukikatika ndilo ninalofanyia kazi.